Njia ya Misafara na Mche wa Mchungwa

Ukitoka mjini Tabora kwenda Kwihara, huendi mbali. Kwa baiskeli utafika kabla jua halijawa kali. Njiani utaona miembe mikubwa. Mingine ina mashina manene, watu wawili hawawezi kuyazungushia mikono. Chini yake kuna kivuli kizuri. Wazee hukaa hapo na kuzungumza, na wasafiri hupumzika.

Mwezi uliopita nilipita njia hiyo. Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kuwatembelea wakulima na kuwashauri. Lakini safari hii haikuwa ya kazi tu. Nilikuwa nakwenda kwa mjomba wangu, ambaye kijiji chake si mbali na Kwihara. Mjomba alikuwa amenipigia simu. Alisema michungwa yake inageuka rangi, na anataka niitazame.

Nilikuwa na deni katika jambo hilo. Nitawaeleza deni hilo lilivyoanza. Lakini kwanza tuitazame njia yenyewe.

MIEMBE HAIKUOTA YENYEWE

Mwembe si mti wa pori letu. Miti ya pori letu ni kama mninga, mtundu na myombo. Asili ya mwembe ni Bara Hindi na nchi za jirani. Mchungwa, mlimao na mdimu pia asili yao ni Asia. Miti hii ilivuka bahari, ikafika kwanza pwani. Kutoka pwani ililetwa huku bara na watu.

Zamani mahali hapa paliitwa Kazeh, na nchi yote iliitwa Unyanyembe. Hapa ndipo njia kubwa za misafara zilipokutana. Njia moja ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika hapa. Kutoka hapa njia nyingine ilikwenda magharibi mpaka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Nyingine ilikwenda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda.

Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Mtu mmoja aliweza kubeba mzigo wa frasila mbili, yaani kama kilo 32. Walipokwenda pwani walibeba pembe za ndovu. Waliporudi walibeba nguo, shanga na waya. Katika njia hiyo hiyo walipita pia watu waliotekwa, wakafungwa minyororo ili wakauzwe. Hatuwezi kuizungumza njia hiyo tukawasahau watu hao.

Waarabu na watu wa pwani walijenga nyumba zao hapa, wakalima bustani. Wasafiri waliopita Unyanyembe katika karne ya 19 waliandika kwamba waliona katika bustani hizo matunda ya pwani, kama malimau na maembe.

Pale Kwihara kuna nyumba ya tembe yenye kuta nene za udongo. Sasa ni nyumba ya makumbusho. Mwaka 1872 Dk. Livingstone na Stanley walikaa hapo baada ya kukutana Ujiji. Stanley alirudi pwani. Livingstone alibaki mpaka Agosti mwaka huo, akiwangojea wapagazi. Mwaka 1873 alifariki katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu wake, wakiwemo Chuma na Susi, waliubeba mwili wake, wakapita tena Unyanyembe, wakaufikisha Bagamoyo mwaka 1874. Walitembea kwa miguu njia yote hiyo.

MWENDO WA MIGUU ULIKUWA MLINZI

Safari ya kutoka pwani mpaka hapa ilichukua muda gani? Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857. Walifika Kazeh mwezi Novemba. Stanley alikwenda haraka mwaka 1871, lakini hata yeye alitumia karibu miezi mitatu.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Chukua mche mdogo wa mchungwa wenye majani mabichi. Uweke juu ya mzigo wa mpagazi. Tembea nao miezi mitatu katika jua la Ugogo, mahali ambapo hata maji ya kunywa ni ya shida. Je, mche huo utafika hai? Ni vigumu sana. Lakini kokwa ya embe au mbegu ya limau huweza kubebwa katika mfuko. Tunda likiliwa njiani, mbegu yake huweza kupandwa kambini. Kwa hiyo naamini kwamba miti mingi ya njia hii ilikuja kwa mbegu, kambi baada ya kambi.

Mbegu haina jani. Mdudu anayekula majani mabichi hawezi kuishi juu ya mbegu. Hata kama alidandia msafara, angekufa kwa njaa kabla ya kufika Unyanyembe. Mwendo wa miguu ulikuwa mlinzi wa mimea yetu, ingawa hakuna mtu aliyempa kazi hiyo.

Mwaka 1912 reli ilifika Tabora. Mwaka 1914 ilifika Kigoma. Leo tuna pia barabara ya lami, mabasi na malori. Kutoka pwani mpaka Tabora ni zaidi ya kilomita 800. Siku hizi mtu hutumia siku moja, au siku moja na usiku wake. Mche uliofungwa katika gunia lenye maji hufika ukiwa mbichi kabisa. Jani lake ni bichi, na mdudu aliye chini ya jani hilo ni mzima pia.

Safari za haraka ni jambo jema. Mgonjwa hufika hospitali mapema, na mazao hufika sokoni kabla ya kuoza. Lakini yule mlinzi wa zamani hayupo tena. Sasa ni lazima sisi wenyewe tuwe walinzi.

DENI LANGU

Mwaka 2012 nilikwenda Morogoro kwa mafunzo. Nilipokuwa narudi niliona miche ya michungwa inauzwa kando ya barabara. Ilikuwa mizuri na bei yake nafuu. Nilinunua miche sita kwa ajili ya mjomba. Niliifunga katika gunia lenye maji, nikaiweka chini ya kiti katika treni.

Sikumwuliza muuzaji vikonyo vyake alivitoa katika mti gani. Sikuyageuza majani kutazama upande wa chini. Sikwenda kwa mkaguzi wa mimea. Na mimi ni mtu mwenye cheti cha kilimo!

Mjomba alifurahi sana. Majirani walikuja kuitazama miche. Wote walinisifu, na mimi nilipenda kusifiwa. Miche ile sita ilikua vizuri. Ilizaa, na mjomba aliuza machungwa, akanunua madaftari na sare za shule za wajukuu.

Miche ile haikuleta ugonjwa. Lakini hiyo ilikuwa bahati, na bahati si elimu. Kitendo changu kilikuwa somo, na kijiji kizima kilijifunza. Mwaka 2021 mjomba alimwagiza dereva wa lori amletee miche miwili zaidi. Dereva aliileta kutoka upande wa mashariki. Hakuna aliyeuliza imetoka kitalu gani. Kwa nini waulize? Bwana shamba mwenyewe hakuuliza. Hilo ndilo deni langu.

CHAWA WA MICHUNGWA

Kabla sijasema niliyoyaona, nieleze kwanza habari za mdudu mwenyewe.

Kuna wadudu wawili wadogo wanaoruka. Wanafanana kidogo na vidukari, na ni wadogo kuliko punje ya mchele. Hapa nitawaita chawa wa michungwa, kwa sababu hunyonya utomvu wa majani kama chawa anyonyavyo damu ya mtu.

Wa kwanza ni wa hapa hapa Afrika. Wataalamu humwita Trioza erytreae. Tangu zamani aliishi katika miti ya porini ya ukoo mmoja na mchungwa. Hupenda nchi za juu zenye baridi na unyevu. Joto kali na ukavu humwua. Hutaga mayai mengi pembeni mwa majani machanga. Watoto wake hukaa chini ya jani, kila mmoja katika kishimo chake. Ukilitazama jani upande wa juu unaona vipele. Ukiligeuza unaona vishimo, na mtoto wa chawa amelala ndani.

Wa pili alitoka Asia. Jina lake ni Diaphorina citri. Huyu ana rangi ya udongo. Anaponyonya huinua mkia juu, kama mtu aliyeinama kuchota maji. Hafanyi vipele, lakini watoto wake hutoa nyuzi nyeupe kama nta. Huyu havumilii baridi kali, bali huvumilia joto sana. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba wamemwona katika Mkoa wa Morogoro. Ilikuwa mara ya kwanza kuonekana Afrika Mashariki. Baada ya hapo alionekana Kenya pia.

Chawa mwenyewe huukunja mti na kuudhoofisha. Lakini ubaya wake mkubwa ni ugonjwa anaoubeba. Ugonjwa huo huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, viitwavyo bakteria. Chawa akinyonya mti mgonjwa, vijidudu huingia mwilini mwake. Akiruka na kunyonya mti mzima, huupa ugonjwa. Mwaka 1965 watafiti wawili wa Afrika Kusini, McClean na Oberholzer, walionyesha kuwa chawa wa Afrika ndiye anayeueneza.

Vijidudu hivyo hukaa katika mishipa inayopeleka chakula kutoka majani hadi mizizi. Mishipa huziba. Mizizi hukosa chakula, hufa kidogo kidogo. Wachina huuita ugonjwa huu huanglongbing, maana yake ugonjwa wa chipukizi la manjano. Sisi tunaweza kuuita ugonjwa wa kubaki kijani, kwa sababu tunda lake huiva vibaya, na upande mmoja hubaki kijani.

Mpaka leo ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

KALAMU NA JANI

Nilifika kwa mjomba asubuhi. "Mwangaluka, mjomba," alinisalimu. Nilimwitikia, tukanywa uji, kisha tukaenda shambani. Mjukuu wake, mtoto wa kike wa darasa la tatu, alitufuata. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na miti ilikuwa imetoa majani machanga.

Michungwa sita ya zamani ilikuwa na majani yenye manjano kidogo. Michungwa miwili ya mwaka 2021 ilikuwa na manjano zaidi. Mjomba alisema, "Yote imepatwa na ugonjwa mmoja."

"Tusiseme hivyo kwanza," nilimjibu. Nikamwomba yule mtoto alete kalamu yake ya shule.

Nilichuma jani la mti wa zamani. Katikati ya jani pana mshipa mkubwa. Kwa kalamu nilichora duara dogo upande wa kushoto wa mshipa. Kisha nikachora duara jingine upande wa kulia, mahali panapolingana. Nikamwuliza mtoto, "Rangi ndani ya maduara haya ni sawa au si sawa?"

"Ni sawa," alisema. Kote kulikuwa na manjano kati ya mishipa, na mishipa ilikuwa kijani.

"Basi mti huu una njaa," nilisema. "Udongo umepungukiwa na madini, hasa zinki. Njaa ya mti huonekana sawa pande zote mbili. Mti huu unataka samadi na mbolea inayofaa."

Kisha nilichuma jani la mti mmoja wa mwaka 2021. Mtoto mwenyewe akachora maduara mawili. Duara la kushoto lilikuwa na manjano tupu. Duara la kulia lilikuwa kijani, na doa moja tu la manjano.

"Si sawa," alisema. Tulichuma majani kumi. Mengi yalikuwa hayalingani.

Katika mti ule lilikuwepo tunda moja. Machungwa yetu mengi huiva yakiwa na ganda la kijani, kwa hiyo rangi ya ganda peke yake isikudanganye. Nililikata tunda. Lilikuwa dogo na limeenda upande. Mstari wa katikati ulikuwa umepinda. Mbegu zilikuwa ndogo, nyeusi, zimesinyaa. Mjomba alionja, akatema. Lilikuwa chungu.

Kando ya uzio kuna mlimao wa zamani. Niligeuza majani yake machanga. Yalikuwa na vipele juu na vishimo chini. Chawa wa Afrika alikuwepo.

Nikamweleza mjomba hivi. Chawa peke yake, bila ugonjwa, ni kero tu. Mti mgonjwa peke yake, bila chawa, hufa peke yake. Lakini mti mgonjwa na chawa wakikaa katika shamba moja, ugonjwa hupata mguu wa kutembelea.

"UNGEKUWA WAKO UNGEFANYAJE?"

Mjomba alikaa chini ya mwembe wake, akafikiri. Kisha akauliza, "Hatuwezi kupiga dawa?"

Nilimweleza kwamba dawa huua chawa tu. Haiwezi kuwafuata bakteria ndani ya mti. Nikamsimulia habari za Florida, jimbo la Marekani lililosifika kwa machungwa. Chawa wa Asia alionekana huko mwaka 1998. Ugonjwa ulionekana mwaka 2005. Msimu wa 2003/04 walivuna masanduku milioni 242 ya machungwa. Msimu wa 2022/23 hawakufikia hata masanduku milioni 16. Vimbunga na baridi vilichangia, lakini ugonjwa huu ndio uliowamaliza zaidi. Hao ni watu wenye fedha, mitambo na wataalamu wengi.

"Basi hakuna tumaini," mjomba alisema.

"Tumaini lipo," nilisema. Nikamweleza habari za Réunion, kisiwa cha Bahari ya Hindi mashariki ya Madagaska. Huko walikuwepo chawa wote wawili, na michungwa ilikuwa ikifa. Kuanzia miaka ya 1970 watafiti walileta nyigu wadogo sana. Nyigu hawa hutaga mayai juu ya watoto wa chawa. Kiluwiluwi wa nyigu humla mtoto wa chawa. Chawa wa Afrika alitoweka kisiwani, na yule wa Asia akapungua sana. Pamoja na nyigu, watu wa kisiwa kile walipanda miche safi. Kituo cha icipe cha Nairobi, kinachochunguza wadudu, kimefanya utafiti juu ya chawa hawa nchini Kenya na Tanzania, pamoja na nyigu wanaowala.

Ndiyo maana hatupigi dawa ovyo. Dawa ikipigwa kila wiki bila ushauri, huwaua nyigu hao kabla ya chawa kwisha.

Nikamwambia mjomba ukweli wote. Jicho langu linashuku tu. Maabara ndiyo inayothibitisha. Nitapeleka taarifa na majani. Anaweza kungoja majibu. Lakini majani machanga yametoka, na huu ndio wakati chawa wanapozaana na kuruka.

Aliniangalia machoni. "Mjomba, ungekuwa wako ungefanyaje?"

"Ningeikata yote miwili," nilisema. "Ningeokoa ile sita, na ya majirani."

Hapo nilimwona yule mtoto amekwenda kusimama karibu na mti mmoja. Mjomba alinieleza kwa sauti ndogo. Mwaka 2021, mtoto akiwa na miaka mitano, aliupanda mti ule yeye mwenyewe, babu yake amemshika mkono. Tangu siku hiyo watu wote wa nyumbani huuita mti wake. Kila kiangazi alikuwa akiuletea maji ya kunawia.

Mtoto aliuliza, "Mti wangu umefanya kosa gani?"

Nilitafuta jibu. Nikasema, "Mti haukufanya kosa. Kosa ni letu sisi wakubwa. Tuliuleta bila kuuliza umetoka wapi." Mjomba hakunipinga.

Tulifanya kazi kwa utaratibu. Kwanza nilichukua majani ya kupeleka kwa wataalamu. Nilihakikisha hayana chawa wala mayai, nikayafunga vizuri katika mfuko. Pili, alfajiri ya siku ya pili tulipiga dawa niliyoichagua kwa kazi hiyo, katika michungwa ile miwili na mlimao. Ukikata mti wenye chawa bila kuwaua kwanza, wote huruka kwenda kwa jirani. Tatu, tuliikata michungwa miwili. Nne, tuling'oa visiki, kwa sababu kisiki kikichipua, machipukizi yake huwa na ugonjwa ule ule. Tano, tulichoma kila kitu pale pale. Mlimao hatukuukata. Majani yake hayakuwa na manjano ya kushuku. Tutauchunguza kila mwezi.

Kisha mjomba alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliwaita majirani wenye michungwa, akawaonyesha shimo. Aliwaeleza yote bila kuficha, hata habari za lori. Majirani wawili walisema na wao walikuwa wamekwisha mwagiza dereva yule yule. Walimpigia simu pale pale wakamzuia.

MAMBO YA KUFANYA

Ndugu mkulima, ukiwa na mchungwa, mlimao, mdimu au mchenza, kumbuka mambo haya:

1. Usinunue mche njiani bila kujua ulikotoka. Nunua katika kitalu kinachokaguliwa. Mwulize muuzaji vikonyo vyake amevitoa katika mti gani.

2. Usisafirishe miche, vikonyo au majani ya michungwa kutoka mkoa mmoja hadi mwingine kabla ya kumwuliza mkaguzi wa mimea. Kazi ya ukaguzi iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yaani TPHPA. Bwana shamba au bibi shamba wa kata yako atakuonyesha njia.

3. Ukinunua matunda ya kusafiri nayo, yatoe majani kwanza.

4. Kila mara majani machanga yanapotoka, yageuze utazame chini. Tafuta vishimo, mayai ya manjano na nyuzi nyeupe.

5. Ukiona manjano, chora maduara mawili kwa kalamu. Rangi zikilingana, huenda ni njaa ya udongo. Zisipolingana, mwite mtaalamu upesi.

6. Usipige dawa bila ushauri.

7. Usifiche mti mgonjwa. Mti uliofichwa huambukiza kijiji kizima.

MAKOPO MATATU

Siku ya tatu nilijitayarisha kuondoka. Nilimkuta yule mtoto kando ya jikoni. Mbele yake yalikuwepo makopo matatu ya maziwa. Alikuwa ameyatoboa chini na kuyajaza udongo na samadi. Mkononi alikuwa na mbegu za limau, zimeoshwa.

Aliniuliza, "Mjomba, hizi nazo zina ugonjwa?"

Ni swali zuri. Nilimweleza kwamba njia za ugonjwa huu ni chawa, vikonyo na miche. Wataalamu hawaihesabu mbegu kuwa njia yake. Mbegu zikiota, ayafunike makopo kwa chandarua chenye matundu madogo sana, ili chawa wasifike. Miche ikifikia unene wa penseli, nitakuja kuibebesha kwa vikonyo vya mti uliopimwa na kuonekana mzima.

Alizipanda, mbili katika kila kopo. Kisha akachukua kalamu yake, akaandika tarehe juu ya kila kopo. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yetu. Mjomba alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la jioni. Aliisoma tarehe kwa sauti, polepole, kopo la kwanza mpaka la tatu.

Nilipanda baiskeli nikarudi Tabora kwa njia ile ile ya miembe. Katika mzigo wangu nilikuwa na karanga na asali aliyonipa mjomba. Majani yaliyofungwa vizuri yalikuwa mfukoni. Nilipofika mjini niliandika taarifa, nikaipeleka ofisini pamoja na majani. Kwanza nilijaza jina la kijiji. Palipoandikwa "Mmea umetoka wapi?" niliandika habari za lori, na chini yake nikaandika pia habari za miche yangu sita ya mwaka 2012.